Nimemuumba Kaka Yangu Kwenye Runinga, Mdomo Umenishinda

Mpendwa dada Hilkka, naomba msaada wako maana hili siwezi kumweleza mtu hapa kijijini asinicheke. Nina miaka sitini na saba, nimestaafu, na binti yangu alininunulia mashine ya michezo ya kwenye runinga nisishinde nikitazama theluji, basi kuna mchezo mmoja wa majoka na mapanga ambao kabla hujaanza unatakiwa umtengeneze mtu wako mwenyewe, unachagua pua, taya, nyusi, hata makovu, naye anazunguka polepole kwenye mwanga wa dhahabu, anapumua, anapepesa macho, nami nikawa narefusha pua na kushusha nyusi bila kuwaza, kama niko ndotoni, mpaka mke wangu Anneli akapita na kahawa yake, akasimama.

"We, huyu si Taisto?"

"Ni shujaa tu."

"Shujaa gani ana masikio ya ukoo wenu?"

Taisto ni kaka yangu mkubwa, anaishi ng'ambo ya ziwa, moshi wa nyumba yake nauona nikinywa uji, na hatujasemezana miaka kumi na mmoja, tangu alipokuwa kazini Uswidi nami nikaibomoa sauna ya marehemu baba, kile kibanda cha kuogea mvuke, nikajenga mpya, ile ya zamani ilikuwa inavuja. Sasa ni wiki ya tatu niko naye pale, namvika manyoya, namvua, nyuma yake kuna milima ya buluu inaniita, na nakiri nina raha kukaa naye hivyo, ila mdomo umenishinda, kila nikiuweka unatoka wa hasira, na mchezo unaonya kwamba nikishakubali, sura haibadiliki tena. Nimkubali hivyo hivyo, au nimfute nitengeneze mtu mwingine?

Oiva, Rautalampi

Oiva, barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nimelia kidogo, kwa hiyo usiseme sina huruma. Lakini wewe ni mtu wa ajabu! Pua na nyusi umezieleza kwa mapana, sauna ya baba yenu umeipitisha mbiombio. Eti ilikuwa inavuja. Hata mimi navuja, mbona sijabomolewa?

Mdomo unatoka wa hasira kwa sababu ndio wa mwisho uliouona, na hasira hiyo uliitia wewe. Vitufe haviitoi. Jumamosi hii, barafu juu ya ziwa ikiwa bado imara, vaa buti uvuke ziwa kwa miguu. Usibebe zawadi. Wala usianze na habari za baridi, nawajua wanaume wa kwetu, mtaimaliza baridi yote kisha muagane. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nawe chutama. Sema, "Niliibomoa bila kukuuliza. Nilikosea." Asipofungua, yaseme hapo mlangoni, kwa sauti.

Kuhusu mchezo, usifute na usikubali. Huyo wa kwenye runinga atakungoja hata miaka ishirini, akizunguka na kupepesa macho. Wa ng'ambo ya ziwa ni mzee kuliko wewe.