Nyama ya Kwenye Fomu

Chumba cha kupanga, nyuma ya hospitali
Jumapili mchana

Baba,

Shikamoo. Naomba Mungu mvua iwe imeshafika Samuye, na huo mguu wako uwe umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, nitakueleza kwa nini. Mama yupo. Nimeandika "yupo" makusudi, kwa sababu "hajambo" ndilo neno lililotufikisha hapa tulipo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, Baba, ni ya ukoo. Nikipiga, shemeji anaiweka sauti kubwa, Shangazi Kabula anajibu kabla yako, na wewe nakusikia kwa mbali ukisema "sawa, sawa, tumekusikia," halafu inakatika. Barua haina sauti kubwa. Mwalimu Maduhu anarudi huko kesho, ndiye atakayekukabidhi mkononi. Isome mwenyewe, ukiwa umekaa, maana ukiisoma umesimama utaondoka kwenda kuangalia ng'ombe kabla hujafika katikati.

Habari yenyewe ni kwamba dozi ya nne ya Mama imeahirishwa tena. Ni mara ya pili sasa. Kabla ya kila dripu ya kemo wanampima uzito na damu, na vyote viwili vimeshuka. Dawa ile inaipiga saratani, lakini haina macho, inapiga na vilivyo vizima: damu, mdomo, tumbo, nywele. Mwili usio na akiba hawauwekei. Tumepewa Alhamisi ya wiki ijayo, yaani siku kumi na moja kuanzia leo. Daktari ni mama mmoja mtaratibu, haongei sana, lakini safari hii alivua miwani kwanza. Akasema kama na siku hiyo Mama atakuwa hajapanda, itabidi wakae upya waamue kama anaiweza dawa hii au la. Sikuipenda ile "au la".

Sasa sikiliza kwa nini anakonda.

Kuna binti anaitwa Neema, mwanafunzi wa chuo, mwaka wa mwisho, anasomea lishe. Anafanya utafiti wake juu ya wagonjwa wa kemo: wanakula nini, kinawashinda nini, dawa inawafanyaje. Kila Jumatatu na Alhamisi anapita na jalada la bluu, na mfuko wenye bakuli, kikombe, vijiko vya kupimia, na tonge la ugali la plastiki la kuonyeshea kiasi. Siku ya kwanza nusura nilimege. Anamuuliza kila mgonjwa swali lilelile: "Mama, tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi umekula nini, na kiasi gani?" Kwa wiki saba swali hilo limekuwa likiulizwa wakati mimi nipo dirisha la dawa au nimekwenda kuteka maji. Jibu sikuwahi kulisikia.

Alhamisi iliyopita akanifuata kwenye benchi la hospitali.

"Kaka Shija, samahani. Hiyo nyama mnanunua bucha gani?"

"Nyama gani?"

"Ya mama. Ya kila siku."

Akafungua jalada. Baba, nilisoma fomu za mke wako nikadhani ni za bwana harusi. Ugali bakuli mbili, nyama ya ng'ombe vipande vinne, maziwa kikombe kikubwa, karanga za kukaanga. Ukifungua nyingine, wali, kuku, maziwa tena, viazi vitamu. Kuna siku tulikula mbuzi na samaki kwa mlo mmoja. Sijui siku hiyo mimi nilikuwa nimealikwa wapi.

Ukweli ni vijiko vitatu vya uji, chai ya rangi isiyo na sukari, na kipande cha muhogo kinachokaa shavuni mpaka nigeuke akiteme. Mdomo ulikuwa na vidonda. Vimeanza kupona, lakini ladha haijarudi, kila kitu kwake ni chuma. Aliniambia, "Ni kama nalamba sururu yako." Mafuta yakichemka kwa jirani, anatoka nje.

Na zile fomu, Baba, daktari alikuwa anazisoma. Mtu anayekula namna ile na bado anakonda, daktari yeyote atajua kuna kitu ndani. Wakampima minyoo. Wakampima kifua kikuu. Wakampima sukari. Wakampiga picha ya tumbo kuona kama ugonjwa umesambaa, na usiku ule wa kusubiri majibu sitakusimulia. Kila kipimo kikirudi safi, wao wanazidi kuogopa. Wiki mbili nzima tumezunguka foleni kutafuta ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa adabu.

Wewe unajua alivyolelewa. Mwanamke wa kwetu akiulizwa na mgeni kama amekula, hata kama jiko halijawaka tangu juzi, anapangusa midomo na kusema wabeja, asante, nimeshiba. Kusema "sijala" ni kumtangaza mume kwamba hana kitu. Neema aliuliza habari ya tumbo, Mama akasikia anaulizwa habari ya mji wako, akajibu kwa heshima ya mji wako. Vile vyakula vyote ni vya Samuye. Kwa wiki saba amemchinjia yule binti zizi zima kwa mdomo. Neema ananiambia kuna siku alimalizia kwa kumshauri: "Na wewe ule, mwanangu, mbona umekonda."

Nami sijitoi. Wiki ya kwanza kabisa Neema aliniuliza mimi, nikamjibu tunamshukuru Mungu, tunakula vizuri. Miaka tisa nimeshuka duara la dhahabu kule Mwakitolyo. Mtu wa chini shimoni akiulizwa kama mwamba umekaa sawa, hajibu "tunashukuru". Anasema ufa uko wapi, ndiyo maana nimetoka kule na miguu yote miwili. Lakini mbele ya binti mwenye kalamu, nikaogopa kusema kwamba mama yangu hali chakula. Tena sahani zilikuwa zinarudi tupu kwa sababu yangu. Mama anasogeza, mimi namalizia, maana kumwaga chakula nako ulitukataza. Suruali hazifungi. Neema alinipandisha kwenye mzani wao, akasema angalau kuna mmoja katika familia hii anayeitikia matibabu.

Basi siku hiyohiyo nikamwambia ukweli, Mama akiwa amekaa palepale. Mama hakupandisha sauti.

"Shija."

"Naam, Mayu."

"Umenivua nguo mbele ya mtoto wa watu."

"Mayu, ni fomu tu."

"Fomu inakwenda wapi?"

"Kwa daktari."

"Na daktari jioni anakwenda wapi?"

"Nyumbani kwake," akajijibu mwenyewe. "Akamsimulie mume wake kwamba kuna mwanamke wa Samuye hapewi chakula."

Akanigeuzia mgongo. Siku mbili hakunisemesha. Nikimpa dawa, anaipokea na kuushukuru ukuta.

Neema naye alikaa kwenye benchi amelikumbatia jalada lake. Akasema, "Wagonjwa wote hawa wamo humu. Sasa sijui wangapi wamenilisha karatasi." Nilitaka kumfariji, nikaona nikisema neno nitamwongezea. Kwa upande wake ni utafiti wa kumalizia chuo, si jambo dogo. Lakini bibi yake ni wa Kharumwa, mtu wa kabila letu, kwa hiyo alipotulia aliielewa ile adabu haraka kuliko mimi niliyezaliwa ndani yake.

Jana, Jumamosi, akaja hapa chumbani bila jalada. Amebeba unga, karanga za kusaga, mayai na dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kavu.

"Leo siulizi kitu. Nimekuja kula kwako."

Baba, ungemwona mke wako. Mwanamke ambaye asubuhi nilimnyanyua kwa mikono miwili akasimama mwenyewe, akatafuta kanga safi, akanifokea kwa nini hakuna kigoda cha mgeni. Lilikuwa neno la kwanza kunipa tangu Alhamisi, nikalipokea kama pipi. Neema akapika uji wa karanga, akauacha upoe kabisa, kwa sababu chakula kilichopoa hakina harufu ya kumchefua mgonjwa. Akamimina vikombe viwili. Akanywa funda, akamtazama Mama. Mgeni hali peke yake nyumbani kwa Mama, hilo nalo unalijua. Mama akanywa funda. Binti akanywa, Mama akanywa. Walikwenda hivyo kama watu wanaovuta maji kwa zamu, mpaka kikombe kikaisha. Kikombe kizima, Baba. Mimi nilijifanya natengeneza kitasa.

Halafu Neema akamenya yai la kuchemsha, akaliweka kwenye kisahani cha Mama. Mama akalitazama kama mali ya mtu.

"Hilo hapana."

"Lina shida gani, mama?"

"Baba Kulwa amekataza."

Hapo ndipo unapoingia, na nakuomba usikunje uso, kwa kuwa najua ulisema kwa kumpenda. Kwa alivyonieleza Mama, Shangazi alimsikia mtu mnadani, mwenye kipaza sauti, anauza unga wa majani, anasema saratani chakula chake ni nyama, mayai, maziwa na sukari, ukiinyima inakufa njaa. Shangazi akakuletea neno hilo. Nawe ukampigia Mama ukamwambia asiviguse. Ulisema mara moja, labda hata umeshasahau. Mama hajasahau. Ndiyo maana chai ni ya rangi na haina sukari. Mimi nilidhani ni kichefuchefu tu. Kumbe nusu ni dawa, nusu ni wewe.

Neema hakubishana naye. Nilipomsindikiza nje, akaniambia nikwambie hivi: mgonjwa wa kemo anahitaji hivyo vyakula kuliko hata mimi na wewe, kwa sababu mwili unajijenga upya baada ya kila dripu. Ukitaka kuiua saratani kwa njaa, atakayekufa njaa kwanza ni mwenye mwili. Ijumaa nilikuwa nimemuuliza daktari kama ile chai ina tatizo, akasema kwa maneno machache atie maziwa na sukari, mwili unavihitaji. Yule wa kipaza sauti, akishauza, anahamia mnada mwingine. Hajawahi kurudi kumpima mtu uzito.

Una ng'ombe wanaokamuliwa kila asubuhi, Baba, na mkeo huku anakunywa maji ya majani kwa heshima yako.

Sikuombi uuze kitu wala upande basi. Naomba umpigie simu Jumanne, mara tu ukishaisoma hii. Toka na simu nje, pita zizi, nenda mpaka mahali ambapo Shangazi hasikii. Usimuulize kama anakula. Ukimuuliza atakujibu vizuri na nyama itaongezeka. Mwambie umeliondoa lile katazo. Mtajie kimoja kimoja, maana akibakiwa na upenyo atautumia: nyama iliyoiva, mayai yaliyoiva, maziwa yaliyochemshwa, dagaa, sukari kwenye uji. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Na mwambie akiulizwa na yule binti, kusema "sijaweza kula" hakukuvunjii heshima. Hilo la mwisho ndilo litakuwa gumu kwako kulisema, na ndilo atakalolisubiri.

Mimi nimeshasema mpaka nimechoka. Mimi ni mtoto. Neema ni mtoto wa watu. Daktari ni mgeni. Mwenye mji ni mmoja, na yuko Samuye anasoma barua.

Nisamehe kama sentensi nyingine zimetoka na meno. Nimekasirika tangu Alhamisi na sijapata wa kumkasirikia. Nikitaka kumkasirikia Mama, namwona alivyokonda. Nikitaka kukukasirikia wewe, nakumbuka ulivyosimama pale stendi umeshika kofia mpaka basi likapotea. Wa kipaza sauti simjui. Nimebaki na mimi mwenyewe, na mimi ndiye niliyekula zile sahani.

Msalimie kaka Kulwa na shemeji, waambie watoto wao wasiuchezee mkeka wa Mama, anauulizia. Dada Doto akija na watoto, mwambie Mama amekiona kitenge alichomtumia, anajifunikia kichwa maana nywele zimekwisha. Katekista mwambie tunashukuru kwa sala, aendelee. Shangazi Kabula msalimie kwa heshima zote, naye najua alihangaika kwa upendo, ila ukimweleza haya, subiri kwanza umalize kupiga simu.

Mama ameamka sasa hivi, anauliza nakuandikia nini kirefu namna hii. Nimemwambia ni salamu. Akasema: "Mwambie nakula vizuri. Asiwe na wasiwasi."

Nimeandika kama alivyosema. Usiamini.

Mwanao,
Shija