Moshi Ulioingia Chumba cha Kuonjea

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Moto katika kiwanda cha kukaanga kahawa, Jumanne tarehe 14
Jina: Mama Kijiko, ndivyo anavyojulikana na wote (jina kamili lipo kwenye jalada)
Umri: Miaka 46
Kazi: Mwonjaji wa kahawa
Makazi: Nyumba za nyuma ya soko, mlango wa pili kutoka bombani
Uhusiano na mtuhumiwa: Shemeji, ameolewa na mdogo wa mtuhumiwa

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa, nami nimemjibu afisa kwamba kama shida yangu ingekuwa uongo ningebaki nyumbani nikapika. Ameniambia nieleze kwa utaratibu. Nitajitahidi, ingawa mdomo wangu una mbio.

Nimekuja kwa sababu jana jioni mume wangu alimpelekea kaka yake chakula hapa, akarudi na sahani haijaguswa pamoja na habari mbaya. Kaka yake, ambaye kila mtu anamwita Pua, ameandikisha kwamba alisikia harufu ya moshi mapema kabisa siku ya moto, akanyamaza makusudi. Afisa amenithibitishia kuwa ndivyo alivyosema, na kwamba kwa maneno hayo atafikishwa mahakamani kwa kosa la kuchoma kiwanda. Basi naomba iandikwe kwamba mtuhumiwa ni mwongo. Hakusikia harufu yoyote. Shemeji yangu hana pua tangu mwezi wa pili.

Sina maana imekatwa. Ipo pale pale usoni, kubwa, mnaiona. Ila haifanyi kazi.

Afisa ananiuliza, kama ni hivyo, amewezaje kuwa mwonjaji mkuu. Itabidi nieleze kazi yetu kidogo. Kiwanda kinapokea kahawa kutoka sehemu tatu, na kila moja inakaangwa peke yake bila kuchanganywa na nyingine. Ya milimani ikiwa nzima hunukia maua na ganda la limau. Ya kando ya ziwa hunukia sukari guru. Ya tambarare, kule kwenye udongo mweusi, hunukia karanga zilizotoka motoni. Mimi na Pua tunasema ipi ipite na ipi irudi kwa mwenyewe. Tunaisaga, tunaiweka vikombeni, tunanusa unga ungali mkavu, kisha tunamimina maji ya moto na kusubiri utando ufanyike juu. Utando ukitulia tunauvunja kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa karibu kuzama, kwa sababu mvuke wa kwanza ndio wenye habari zote. Hapo ndipo tunafyonza kwa kelele na kutema kwenye kopo. Mgeni akitukuta hudhani tumekosa malezi.

Mezani kwetu kuna sheria mbili. Hakuna kusema neno mpaka vijiko vilazwe. Vikishalazwa, mkubwa anaanza, mdogo anafuata. Sheria hizo alizileta Pua mwenyewe, na jina langu lilitoka hapo hapo, maana siku yangu ya kwanza nilishindwa kunyamaza akanigonga kijiko mkononi.

Na nyumbani alikuwa msumbufu. Akija kututembelea alianza kelele akiwa bado nje: "Shemeji, leo umeunguza vitunguu!" Au, "Shemeji, hayo maziwa ni ya juzi, mimi usinipe!" Nilikuwa namjibu kwamba mwenye pua yenye kiherehere namna hiyo aje apike mwenyewe. Tulicheka. Tumetaniana hivyo tangu nilipoolewa.

Mwezi wa pili aliugua homa na mafua makali, akalala ndani wiki mbili. Aliporudi kazini nikaanza kuona mambo. Akija nyumbani aliingia kimya mpaka sebuleni, kisha anauliza, "Leo mmepika nini?" Pua, anauliza! Nikadhani amezeeka amepata adabu. Na kule mezani alikuwa akilaza kijiko ananiambia, "Anza wewe." Nilipomuuliza sheria imekwenda wapi, alisema anataka nizoee kwani yeye hatadumu milele. Nikishasema, naye husema kile kile nilichosema, ila kwa maneno matamu zaidi. Mimi nikavimba kichwa, nikiamini nimekuwa bingwa mpaka Pua mwenyewe ananikubali.

Ulimi wake ulibaki mzima, ndiyo maana alijificha muda wote huo. Uchachu, uchungu, utamu na uzito wa kahawa vyote hukaa ulimini, na hapo hakosei hata leo. Lakini maua, limau na moshi huwezi kuvipata kwa ulimi.

Mnamo tarehe 9, Alhamisi, mteja alirudisha kahawa ya kando ya ziwa akilalamika kwamba inanuka moshi. Kahawa hiyo Pua aliionja peke yake nikiwa msibani, akaipitisha. Mvua zilikuwa nyingi upande ule na wakulima walikuwa wanaanikia karibu na moto. Tajiri mwenye kiwanda alimfokea mbele ya wafanyakazi wote, akamuuliza kama pua yake imeota kutu. Pua hajawahi kumjibu tajiri hata siku moja, lakini siku hiyo alimjibu: "Iko siku utanikumbuka, hiki kiwanda chako kikiwa majivu." Maneno hayo aliyasema, nilikuwepo, siwezi kuyakana. Alimaanisha kwamba biashara itakufa bila yeye. Mtu akiguswa kwenye kidonda hachagui maneno, anarusha lililo karibu.

Mnamo tarehe 14, Jumanne, saa tatu asubuhi, tuliandaa meza ya kahawa zote tatu. Nilipovunja utando wa ile ya kando ya ziwa, moshi ulinipanda puani mpaka nikapepesa macho. Nilimtazama Pua akivunja kikombe chake. Uso wake haukubadilika. Vijiko vikalazwa, akaniambia nianze, na kwa mara ya kwanza nikakataa. Nikasema, "Sheria ni sheria. Mkubwa aanze."

Alikichungulia tena kikombe chake. Kisha akasema, "Hii ya ziwa imetulia. Sukari guru. Safi, haina doa."

Sikumcheka. Niliinuka nikafunga mlango, nikarudi kukaa mbele yake.

Nikamwambia, "Shemeji, hii ina moshi mtupu. Husikii?"

"Nasikia kidogo."

"Unasikia nini?"

Akaweka mikono magotini. "Sisikii kitu," akasema. "Tangu ile homa. Hata sabuni. Hata jasho langu silisikii, naoga asubuhi, mchana na jioni kwa hofu."

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akasema, "Wewe na Mungu." Nikamuuliza kwa nini hakwenda hospitali. Akasema akienda hospitali leo, kesho hadi wauza mkaa watajua. Halafu akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, "Nistiri, shemeji. Nikiacha kuwa Pua, mimi ni nani?"

Nilitaka kulia na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Nikamwambia nitamstiri mpaka Alhamisi, na Alhamisi nampeleka kwa daktari wa pua hata kwa kumburuta. Akakubali. Leo ndiyo hiyo Alhamisi.

Saa saba mchana nilitoka kwenda kula nyumbani. Yaliyofuata nikiwa sipo nimeelezwa na mkaangaji wetu, niliyekwenda kumwona hospitali jana. Aliungua mikono akifunga koki ya gesi, lakini daktari anasema itapona. Anasema alikuwa amemaliza kukaanga na mashine ilikuwa inapoa, likaja gari la mitungi ya gesi getini. Chumba cha mashine na chumba cha kuonjea vina dirisha dogo katikati. Akachungulia hapo akamwambia Pua, "Mzee, nakuachia mashine. Ukisikia makapi yanaungua, nipigie kelele." Makapi ni yale maganda mepesi yanayotoka kwenye kahawa ikikaangwa, na yakishika moto hayana subira. Pua akamjibu, "Nenda, nipo."

Mkaangaji hasemi uongo na hana kosa. Wamefanya hivyo miaka yote. Pale kwetu hakuna hata king'ora cha moshi, maana nani angenunua king'ora na Pua yupo? Tajiri mwenyewe alikuwa akijisifia jambo hilo kwa wageni. Afisa ananiuliza kwa nini Pua hakukataa kuachiwa mashine. Angekataa kwa kusema nini, afande? Neno lolote ambalo angelisema lingefichua siri yake.

Nilirudi saa nane na robo. Nikiwa bado barabarani nilisikia makapi yanaungua, nikavua kandambili nikakimbia. Nilisukuma mlango wa chumba cha kuonjea. Moshi ulikuwa ukiingia kwa lile dirisha, umetanda darini na unashuka. Pua alikuwa amelipa dirisha mgongo. Ameinama juu ya vikombe vyetu vya asubuhi, alivyovimiminia maji ya moto upya, amefumba macho, ananusa kimoja baada ya kingine.

Nilimwita kwa ukelele. Akageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka.

Akasema, "Shemeji, imerudi! Hii ya ziwa inanichoma puani, inanichoma mpaka kooni! Ulisema kweli, ina moshi! Nimeusikia, shemeji, nimeusikia!"

Alikuwa ananinyooshea kikombe ili na mimi ninuse.

Naomba hayo yaandikwe kama nilivyoyasema, yasinyooshwe. Nimehudhuria harusi nyingi na nimepokea watoto wa ndugu zangu wakizaliwa. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama ile, na nyuma yake kiwanda kinaungua.

Nilimshika shati nikamvuta hadi uani. Mkaangaji alitupita mbio kwenda kwenye koki. Pua akageuka, akauona moto ukitoka kwa juu ya mlango wa mashine. Kikombe kilikuwa bado mkononi. Akakinusa tena pale kwenye hewa safi. Akakinusa tena. Kisha akakimwaga chini na kukaa kwenye ngazi mpaka askari walipomchukua.

Ule ulikuwa ni muwasho tu wa moshi, afande. Hata mtu asiye na pua, moshi ukizidi utamchoma. Yeye alidhani ni kahawa. Mtu anayechoma kiwanda hakai ndani yake akinusa vikombe.

Afisa ananiuliza kwa nini basi mtu mzima ajisingizie kosa kubwa hivyo. Kwa sababu hapa mahabusu bado anaitwa Pua. Pua aliyekasirika, Pua mwenye roho mbaya, lakini Pua. Akitoka kwa maneno yangu, atatoka akiwa mzee ambaye maziwa yanaungua mbele yake asijue. Nadhani anaogopa hilo kuliko jela. Mimi naogopa jela kwa niaba yake.

Aliniomba nimstiri na mimi nimekuja kumfunua mbele ya serikali. Roho inaniuma, sitaficha. Lakini kama kumstiri ni kumwacha afungwe, stara hiyo sina ya kumpa. Akitaka kuninunia na aninunie, chakula nitampikia vile vile.

Nimesomewa haya kwa sauti, nikasahihisha mahali palipoandikwa kwamba kazi yangu ni kunywa kahawa. Mengine yote ni yangu na nayasimamia, hata mwenyewe akiyakataa.

Sahihi ya shahidi: Mama Kijiko

KUMBUKUMBU YA AFISA ALIYEANDIKA

Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu saa tano asubuhi, Alhamisi tarehe 16.

Mtuhumiwa aliletwa ofisini akaelezwa kwa ufupi shahidi alichosema. Alikana. Alisema pua yake ni nzima na kwamba shahidi anamtetea kwa ajili ya undugu.

Shahidi hakubishana naye. Alikuwa na chupa ya chai iliyojaa kahawa, akaomba ruhusa, akamimina vikombe viwili, kimoja cha mtuhumiwa na kimoja changu. Akampa mtuhumiwa kijiko kutoka mkobani mwake. Mtuhumiwa aliinama, akavuta pumzi, akafyonza kwa kelele. Kisha akalaza kijiko mezani. Nilimwomba shahidi aeleze ni kahawa gani. Alikataa kwa kutikisa kichwa na kunionyesha mtuhumiwa, kwamba yeye ndiye mkubwa.

Mtuhumiwa alisema: "Ni ya milimani. Uchachu wake naujua." Baadaye akasema: "Shemeji, inanukaje?"

Shahidi alimjibu: "Maua. Na ganda la limau."

Mtuhumiwa aliomba kurudia maelezo yake tangu mwanzo. Nimemwandika upya. Saa nane mchana atapelekwa hospitali kwa daktari wa pua, akiwa na askari mmoja pamoja na shemeji yake.