Atieno Apande Bila Mimi

Uriri, nyumbani kwa Akinyi
Jumapili, baada ya kanisa

Mwanangu Odhiambo,

Kwanza niambie goti lako, lile la kushoto, limeacha kuuma? Na mke wako Atieno, kikohozi kimetulia? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nabeba mtoto wa Akinyi mgongoni, na sijafa kama mlivyosema nikija huku nitakufa. Maneno ni yangu, anayeandika ni Akinyi, mtoto wa marehemu dada yako. Nimemwambia asipunguze hata moja, na kila mara namwambia anisomee tena.

Simu yako ya juzi niliisikia. Ulisema mvua imenyesha huko kisiwani Mfangano, majirani wamepanda, na shamba letu limekaa tu kwa sababu yangu. Ni kweli. Mke wa mwana haweki mbegu ardhini kabla ya mama mkwe, na mama mkwe awe amelala nyumbani mwake. Nimeshika desturi hiyo tangu nilipoolewa, hakuna wa kunifundisha. Lakini kutoka hapa mpaka ziwani, kungoja boti, kulala, kupanda na kurudi, ni siku tatu, nne. Na wiki hii Akinyi anafanya mtihani. Nikimwacha mtoto, nani atamshika? Nikija naye, atanyonyeshwa na nani?

Ukasema pia diploma ya unesi inamtosha Akinyi, eti sindano ya digrii inachoma tofauti? Ulicheka sana. Mimi nilishamuuliza hilo zamani, tena bila kucheka. Alinijibu kwamba sindano ni ile ile, ila amechoka kuona jambo wodini halafu angoje mwingine aje aliseme.

Unakumbuka alipomaliza kidato cha nne na C. Digrii ya unesi ilitaka C+. Mlikaa uani mwangu, wewe na shemeji yangu Ouko, mkasema basi, aolewe. Nikakataa. Akaingia kwa mlango wa diploma, miaka mitatu, akapata leseni, akafanya kazi kwenye kliniki. Sasa chuo kinapokea nesi wa diploma aliyefanya kazi, anapanda mpaka digrii bila kuanza upya. Amezunguka, lakini anafika.

Siku ya kujiandikisha nilienda naye, mtoto ana miezi minne. Karani akamtazama mtoto, akamshauri Akinyi kwa upole asubiri mwaka mmoja. Akinyi akaanza kukunja karatasi zake. Nikamwambia karani, "Kijana, huyu mtoto ni wangu mpaka saa kumi jioni. Wewe andika jina."

Akaandika.

Tangu siku hiyo siku za darasa nakaa kwenye benchi nje, karibu na tangi la maji. Mtoto akilia kwa usingizi, namtikisa. Akilia kwa njaa, napita mbele ya dirisha mara mbili. Akinyi anatoka, ananyonyesha, anarudi. Siku hizi hata mwalimu anajua mimi ni bibi yake. Akiniona tu anasema, "Akinyi, dani amepita." Darasa zima linacheka, hata mimi nacheka. Sijawahi kukaa darasani maisha yangu yote, Odhiambo, na sasa mwalimu ananingoja nipite.

Hapa Akinyi ameweka kalamu chini. Anasema tuache, ataomba kufanya mtihani mwaka ujao, nije nipande. Nimemwambia aokote kalamu.

Wasalimie wajukuu wote, na yule mdogo anayekula udongo umwambie nimemwona mpaka huku. Msalimie Ouko, mkubwa wa boma letu. Najua atasema nawaletea chira, laana ya kuvunja miiko. Mwache aseme, kisha umpe chai.

Sasa sikia. Ukishapata barua hii, kesho yake Atieno ainuke asubuhi, achukue mbegu kwenye chungu kilicho juu ya dari yangu, aanze shamba langu kisha lake. Ni mimi nimemtuma, mbele yako na mbele ya Ouko. Asiogope, ana watoto wa kulisha. Na hiyo chira ikija kuuliza nani alivunja mwiko, mwielekeze huku Uriri, nyumba ya tatu nyuma ya kinu cha unga, iniulize mimi mwenyewe. Ila isije saa ambazo Akinyi anasoma.

Mimi mama yako aliyekuzaa,
Nyar Kaswanga

Hiyo bluu hapo chini ni kidole changu, si uchafu.