Bibi Amesema Kiwanja ni cha Ukoo

Luciana,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji yasiungue. Mbuzi wafungwe mapema. Baba yako akirudi kutoka kazini mwambie nimekwenda Mtinko kwa baba yako mkubwa Simeoni. Nitalala huko.

Bwana wa benki alikuja asubuhi, baada ya kutuzungusha mwaka mzima na mkopo wa nyumba. Alikikagua kiwanja, akaridhika. Kisha akamgeukia bibi yako: "Shikamoo, mama. Kiwanja hiki ni cha nani?"

Bibi akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Ni cha ukoo. Sisi tunakaa tu."

Kwake, kusema "chetu" mbele ya mgeni ni utovu wa adabu. Bwana yule akafunga kalamu. Benki haikopeshi juu ya ardhi ya ukoo. Mimi nimesimama na birika mkononi. Ningemkatizaje mama mkwe mbele ya mgeni?

Sasa benki inataka Simeoni, kwa kuwa ndiye mkubwa, atamke mbele ya balozi wa nyumba kumi kwamba kiwanja ni cha baba yako peke yake. Nawe unajua hawajasalimiana tangu msiba wa babu yako.

~~Mwambie baba yako anifuate.~~ Hapana, asije. Atagomba na tutakosa vyote.

Bibi asiambiwe. Amefurahi kweli kumpokea mgeni. Ameniuliza ujenzi utaanza lini, nikasema baada ya mvua. Akikuuliza na wewe, sema hivyo hivyo.

Mama yako