Herufi Moja Msalabani

Chela wangu,

Ubao wa Fomu Thrii ulikaa na mwandiko wako hata baada ya kukuzika. "If she had come earlier," uliandika, ukaweka koma, ukainama kuokota chaki, na hukuinuka tena. Hakuna mwanafunzi aliyethubutu kushika dasta. Mwishowe mwalimu mkuu akanituma mimi nikafute, kwa sababu kila mtu alijua mimi ndiye rafiki yako. Nikafuta. Lakini ubao wetu ni mzee, unaujua. Ukisimama nyuma kabisa, mwanga ukiingia kutoka upande wa majani chai, ile koma bado inaonekana. Wanafunzi wananiuliza ile sentensi ilikuwa inaenda wapi. Nawaambia sijui. Nawafundisha "would have" kwa mifano yangu mwenyewe, na kila nikifika kwenye koma mkono unasimama tu.

Unanisumbua, Chela. Sitakudanganya.

Tangu uondoke, maswali yako yote yamehamia kwangu. Mama wa hoteli pale Chepilat anataka kujua kama ataandika "Chapati is ready" ama "are ready". Pasta amenipigia simu juu ya kadi ya harusi ya binti yake, eti kamati inagombana kama ni "invite" ama "invitation". Hata baba yangu, ambaye ameendesha duka miaka yote hiyo kwa Kikuyu, Kipsigis na vidole, ameniuliza "its" na "it's" zinatofautiana wapi. Nikifungua mdomo kujibu, nakusikia nyuma ya sikio langu: "Ciru, polepole. Usimwogopeshe." Nageuka. Ni pazia tu linacheza dirishani, na kiti chako ambacho hakuna anayekikalia.

Sasa nikuambie habari ya msalaba.

Tuliuona mara ya kwanza siku ya mazishi, ukitolewa kwenye pikapu. Jina lako lilikuwa sawa. Chini yake, kwa rangi nyeusi: GONE TO SOON. Walimu wote tulisimama mstari mmoja na wote tukaangalia viatu. Nani angesema, na jeneza liko pale, na mama yako analia? Wageni wakaimba, udongo ukarudishwa, msalaba ukasimikwa. Wewe, uliyekuwa ukisahihisha hata mabango ya dawa ya ng'ombe, ukalazwa chini ya kosa la Fomu Wani.

Kuanzia hapo sikupata amani. Nikipita kwenu nikitoka sokoni, ukungu umekaa juu ya chai, nilikuwa naona mtu amesimama pale kwa kaburi, kichwa ameinamisha upande kama wewe ukisoma insha mbaya. Nikikaribia, ni ule msalaba na kanga mtu ameanika kwenye ua. Nilianza kupitia njia ya juu, ile ndefu.

Mama yako ndiye aliyeniita. Kogo, yaani nyanya, kama sisi wote tunavyomwita kwa ajili ya wajukuu zake. Aliniwekea maziwa ya mursik kwa kikombe, akaniacha ninywe, kisha akaniita kwa jina langu refu, "Wanjiru, kila mwalimu akija hapa anasoma ile mbao halafu anaangalia chini. Kuna nini?"

Nikamweleza. Kwamba "to" ya o moja ni ya kwenda mahali, kama kwenda Sotik. Kwamba yenye o mbili ndiyo ya kusema kitu kimezidi.

"Kwa hivyo hapo imesema nini?"

"Imesema ameenda kwa Upesi, Kogo. Kama vile Upesi ni mahali."

Nilidhani atalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Lakini aliweka kikombe chini kwa kishindo.

"Huyo msichana alikuwa ananisimamisha kwa mlango kila Jumapili. Petikoti ikionekana hata kidogo, hatutoki. Anafunga, anavuta, anafunga tena. Na nyinyi walimu wote mmemwacha hivi, na watu wanapita?"

Akamtafuta mwenyewe fundi aliyeuandika. Ni Kiprono, uliyemfundisha, sasa anachora mabango huko Ndanai. Alikuja na mkebe wa rangi na brashi nyembamba, akasoma alichoandika kwa mkono wake, akashika mdomo.

"Hii alinifundisha," akasema. "Hii hii. Alisema nitaisahau."

Hapakuwa na nafasi ya herufi nyingine. Alitaka kuubeba msalaba akaupake upya wote, lakini Kogo akakataa usitolewe mahali ulipo. "Finya," akamwambia, na yeye mwenyewe akashika mkebe. Kwa hivyo o yako ya pili ni nyembamba, imebanwa katikati, nyeusi kuliko wenzake. Kiprono alilia akiichora. Kogo hakulia. Aliitazama mpaka ikakauka, akasema, "Sasa amevaa."

Nilifikiri baada ya hapo utaniacha. Nimerudia njia ya chini, na kweli pale kaburini sioni mtu tena. Umehamia darasani.

Wiki jana niliwapa Fomu Tuu insha juu ya mzazi. Cherono, binti yako, aliniletea daftari baada ya kipindi, wenzake wameshatoka. Alikuwa ameandika "My mother" na kuacha nafasi.

"Madam, niweke 'is' ama 'was'?"

Nikangoja uniambie, Chela. Nilikungoja kweli, nimesimama pale na kalamu nyekundu. Ukanyamaza. Kati ya vitu vyote vilivyonitisha tangu ufe, hicho ndicho kilichonitisha zaidi.

Nikamwambia hivi: aliyoyafanya yako nyuma, kwa hivyo andika "She was a teacher." Lakini mtoto haachi kuwa na mama. Andika "She is my mother." Mtu akikuwekea mkasi wa kosa hapo, mwambie aje kwangu.

Akainama kuandika. Nikaona mkono wake unavyokunja ile y, mkia unarudi juu kama ndoano, na o zake hazifungi vizuri. Ni mwandiko wako. Mwaka jana hakuwa anaandika hivyo. Nina insha zake za zamani, nimeangalia. Ilibidi nitoke nje nisimame kwa baridi.

Basi pumzika, mwenzangu, kama unaweza. Mtoto wako nitamfikisha Fomu Foo mimi mwenyewe, na sitampendelea hata kwa nukta moja, maana najua hungenisamehe. Na siku moja moja, nikimaliza kusahihisha, nitamwomba aandike ubaoni, nikae kwa dawati la nyuma, nimwangalie.

Wako,
Ciru