Mume Wangu, Mzee Hoza na Kile Kipaza Sauti

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umelala juu ya makabeji tangu alfajiri na haujaona sababu ya kuondoka. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi, lakini nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, ndiyo maana nimekuja kuiweka hapa.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mume wangu, Baba Latifa, ni diwani. Pia ana usonji. Alijua ukubwani, daktari alipomweleza, na wakati wa kampeni alisimama akawaambia watu kwamba akiwapita bila salamu hajawadharau, na asipowatazama machoni bado anawasikiliza. Wakamchagua. Huku kwetu milimani, ambako mtoto asiyesema shikamoo hurudishwa mlangoni aingie upya, hilo si jambo dogo.

Sasa siri ya nyumba: salamu zake nazibeba mimi. Tukienda sokoni namwamkia kila mzee mara mbili, moja yangu na moja ya Baba Latifa. Nauliza habari za mgongo, za mbuzi, za mjukuu aliyeko Tanga. Mwenyewe anakuwa ameshafika mbele kabisa, anakagua mifereji ya barabara.

Mwezi uliopita tulizindua tangi la maji la kijiji. Mzee Hoza, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, alipewa kipaza sauti asimulie jinsi mtaro ulivyochimbwa kutoka kwenye chemchemi. Akaeleza alivyolipasua jabali kwa mikono yake. Tunaijua hadithi hiyo, na kila mwaka jabali linanenepa. Baba Latifa akanyanyuka, akakichukua kipaza sauti mkononi mwa mzee, akasema kwa sauti ileile anayosomea bajeti: "Mzee, wiki ile ulikuwa umelala, mgongo unakusumbua. Waliochimba ni wanawake."

Kweli tupu. Nilikuwepo, jembe mkononi.

Nisijifanye mtakatifu, moyoni nilipiga kigelegele. Halafu nikamwona Mzee Hoza anautafuta mkongojo wake huku ameushika. Furaha ikaniishia palepale. Aliondoka kabla ya pilau, na tangu siku hiyo hata msikitini Ijumaa hakuonekana.

Kijiji kikagawanyika. Kuna waliosema mwacheni, ndivyo alivyoumbwa. Kuna waliosema kama hawezi kumstahi mzee, basi arudi kwenye viazi vyake. Mimi nilikosa pa kukaa. Ulimi huohuo ndio uliomwambia mkandarasi, mbele ya wakubwa zake, kwamba saruji yake haitoshi, na siku ile tulimbeba Baba Latifa juujuu. Lakini kupitwa bila salamu kunauma kidogo, ukishaelewa unapona. Kuvuliwa nguo mbele ya wajukuu zako hakuponi kwa kuambiwa kuwa aliyekuvua ana usonji.

Nikafanya nilichozoea. Kwetu aliyemkosea mzee hajipeleki mwenyewe. Hutuma mtu, na huyo mtu hukaa, akazungumzia mvua, akazungumzia mahindi, ndipo polepole akagusa jambo lenyewe. Nikafunga sukari na majani ya chai kwenye kanga. Baba Latifa akaniuliza nitasema nini huko. Nikamwambia nitasema hukuweza kujua.

"Usiseme hivyo," akanijibu. "Siku ile sikujua. Sasa umenieleza, najua. Ukiwaambia siwezi kujua, basi na udiwani siuwezi."

Akalichukua lile furushi, akatangulia. Nikamfuata nikisoma kila dua ninayoifahamu. Mvua hakuigusa. Alisema shikamoo, akaketi, akautazama ukuta. "Nilichosema ni kweli. Kukisema pale mbele ya watu nilikosea. Nisamehe."

Mzee Hoza alilifungua furushi, akaagiza chai ichemshwe, akainywa kikombe kizima.

"Marhaba," akasema mwishowe, na mimi nikaanza kupumua. "Lakini mgoshi, mwanamume wewe, ulinivua mbele ya watu, utanivisha mbele ya watu. Huo usonji nimeuelewa. Salamu nimekusamehe, hata usipoitoa mpaka nife. Hili sikusamehei bure."

Nilidhani mume wangu atanuna. Wapi. Njia nzima ya kurudi alikuwa anatembea kwa furaha kama mtu aliyepewa ng'ombe. Aliniambia watu wengi humsamehe haraka mdomoni, kisha wakamnunia miezi bila kumwambia kwa nini. Mzee Hoza amemdai waziwazi, na deni la waziwazi analiweza.

Leo tumekusanyika tena pale kwenye tangi. Baba Latifa aliomba radhi kwa maneno machache, bila mapambo. Kisha Mzee Hoza akapokea kipaza sauti, na kwa kweli sikulitegemea hili: akasema mwenyewe kwamba wiki ile alikuwa kitandani, akaanza kuwataja wanawake waliochimba, mmoja baada ya mwingine. Kila jina likapata vigelegele vyake. Alipomaliza akasema "hongea", asante yetu ya Kishambaa, akakiweka kipaza sauti mezani.

Jina moja lilikuwa limesahauliwa. Mimi nilijua, na nikaona mume wangu naye amejua, maana goti lake lilianza kucheza. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake, hatua moja tu. Uwanja mzima ukawa unamtazama yeye. Hakukigusa. Alinyoosha mkono juu kama mwanafunzi, akangoja, jasho likimtoka katika baridi hii.

Mzee Hoza alimwona, na sidhani kama ni kwa bahati mbaya kwamba alimwacha hivyo kwa muda kabla ya kusema, "Haya, Diwani."

"Umemsahau mke wangu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nililia. Mzee aliniita mbele, akanitaja kwa jina langu nililopewa na wazazi, ambalo sijalisikia hadharani tangu niitwe Mama Latifa, na vigelegele vyangu vikawa virefu kuliko vya wote.

Nimekaa hapa najiuliza: miaka yote hii nilikuwa nambebea salamu, au nilikuwa nawanyima watu nafasi ya kumdai wenyewe?

Kesho ni siku ya soko. Nitamwamkia kila mzee mara moja tu. Ya Baba Latifa ataitoa Baba Latifa, akiikumbuka.