Siku Ulipoacha Jiko la Kileleshwa

Mpendwa kaka Elisha,

Tangu tukuzike, vijana wa nyumbani wananiuliza juu ya ile safari yako ya Kampala. Nimewajibu kwa kifupi, kwa sababu walikuwa na haraka. Wewe huna haraka sasa, kwa hiyo nitakukumbusha yote.

Ulikuwa mpishi wa Wazungu kule Kileleshwa, Nairobi. Mimi nilikuwa nikipima misumari katika duka la Bwana Jivraj, River Road. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni, na Mwafrika aliyeonekana akikimbia barabarani alisimamishwa na kuulizwa anamkimbia nani. Jumapili yetu ya kwanza ya mazoezi ya mbio tulisimamishwa mara mbili. Jumapili ya pili ulikuja na kopo la maziwa, mimi ukanipa kikapu.

"Boi akitumwa maziwa, hakuna anayemuuliza kwa nini ana haraka," ulisema.

Ikawa kweli. Tuliteremka hadi mtoni, tukapanda mlima wa upande wa pili, kopo likigonga paja lako, na askari wakatupisha. Tuligeuka kabla ya kufika barabara ya Waithaka. Huko kulikuwa na seng'enge na bunduki, na kopo lisingetusaidia.

Ulikuwa umenizidi miaka kumi na kitu. Mbio ulizijua jeshini, wakati wa vita vya Burma, na nilidhani unakimbia sasa ili kunifundisha mimi tu. Kila mtu alidhani hivyo. Keziah mkeo, alipokuja kukutembelea, alicheka alipoona umejiandikisha mbio za maili tatu pamoja nami. Ulimwacha acheke.

Siku ya mashindano uwanja ulikuwa wa nyasi, mistari imechorwa kwa chokaa. Tulijua kwamba wawili wa kwanza wangepelekwa Kampala kukimbia na watu wa Uganda. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya polisi mmoja mrefu, aliyevaa viatu vya misumari. Sisi tulikuwa miguu mitupu. Bastola ilipolia, yule polisi aliondoka kama aliyeitwa, na mimi nikataka kumfuata.

"Mwache," ulisema nyuma yangu. "Usitazame mgongo wake. Tazama kona."

Nilitazama kona. Tulizunguka hivyo, wewe na mimi bega kwa bega, na mmoja mmoja waliokuwa mbele yetu walirudi kwetu, wakapita nyuma. Ilipogongwa kengele ya mzunguko wa mwisho polisi alikuwa mbali, na nafasi ya pili ilikuwa kati yetu sisi wawili. Pumzi yako ilikuwa nzito. Nikafikiri umefika mwisho wako, nikakupita kwenye upande wa mbali wa uwanja. Nakumbuka nilikuhurumia kidogo.

Kwenye kona ya mwisho nilisikia nyayo zako upande wa nje. Ulinipita bila kugeuza kichwa. Nilijaribu kukufuata, lakini miguu haikutaka. Nilipovuka mstari ulikuwa tayari umeketi kwenye nyasi, unakitazama kidole gumba cha mguu kilichokuwa kikitoka damu.

"Ulinipita mapema," uliniambia. "Ungengoja kona, ungekwenda wewe."

Hivyo ndivyo ulivyochaguliwa. Siku chache baadaye memsahibu wako alikwambia kwamba wageni wake kutoka Ulaya watafika wiki ileile ya safari. Ulimwomba ruhusa. Ulinisimulia jibu lake kwa sauti ileile ya kila siku, umeketi kitandani kwangu River Road, mashine za kiwanda cha chapa cha jirani zikitikisa ukuta.

"Alisema, 'Wewe nakwenda, wewe hapana rudi.'"

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilivua kanzu ya kazi. Niliikunja nikaiweka juu ya meza ya jikoni."

Sikuelewa. Chumba chako kilikuwa cha kazi, na mtu asiye na mwajiri hakuruhusiwa kukaa mjini. Nilikwambia hayo kana kwamba huyajui.

"Kaka, una watoto."

"Najua nina watoto."

"Wangenichukua mimi badala yako. Mimi ni wa tatu."

"Wewe bado kijana," ulisema. "Wageni watapikiwa na mtu mwingine. Nimewapikia wengi."

Nilikusindikiza hadi kwenye gari la moshi. Yule polisi alikuwa amevaa koti zuri, wewe ulikuwa na sanduku la mbao ambalo sasa lilikuwa na vitu vyako vyote. Ulipanda bila kupunga mkono. Kule Kampala ulikuwa wa saba. Hukurudi Nairobi. Ulishuka njiani, ukaenda nyumbani Maragoli, ukashika jembe, na Keziah hakukusemesha mpaka mahindi yalipochanua.

Mwaka uliofuata nilishinda mbio zilezile, nikachaguliwa. Bwana Jivraj alinipa ruhusa kabla sijamaliza kuomba, akafunga duka asubuhi ya safari aje kuniaga stesheni. Nilikimbia kwenye uwanja uleule wa Kampala, nikawa wa pili. Jumatatu nilikuwa kaunta, napima misumari.

Nilipokuja nyumbani likizo ulikuwa ukipalilia. Niliketi ukingoni mwa shamba nikakuuliza, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kukuuliza, Kampala ulipata nini. Uliegemea mpini wa jembe.

"Walisoma majina kwenye kipaza sauti," ulisema. "Langu wakalisoma lote, na la baba. Watu wakakaa kimya wakinitazama. Miaka yote ile Kileleshwa hawakuwahi kuniuliza naitwa nani. Walisema tu 'mpishi'."

Ukarudi kwenye palizi. Baada ya hapo ulizungumza habari zile mara nyingi, na watoto wako wakazijua: upepo ulivuma kutoka wapi, mzunguko gani ulibanwa ndani, Mganda yupi alikupiga kiwiko kisha akakuomba radhi. Hata ulipougua na kuanza kutusahau majina, hukuzisahau mbio zile.

Nami, kaka, nimejaribu wiki hii kuzikumbuka zangu. Nakumbuka kwamba palikuwa na jua. Nakumbuka medali, kwa sababu bado ninayo. Aliyekuwa mbele yangu simkumbuki hata sura. Nilikwenda kwa ruhusa, nikarudi mahali pangu, na hakuna kilichobadilika, na labda ndiyo sababu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kati yetu sisi wawili mimi ndiye niliyefanya vizuri Kampala. Siku hizi siwaambii hivyo.

Pumzika salama, Elisha mwana wa Yonami.

Mimi mdogo wako,
uliyemwacha kwenye kona.